Tarehe za Kuzaliwa Kwenye Kadi ya Mama

Kila Alhamisi jioni nakaa na kikundi cha vijana chini ya mwembe, hapa kambini Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Tunaongea mambo ya afya ya uzazi: hedhi, magonjwa ya zinaa, vidonge, sindano, vijiti, kitanzi. Kazi yangu ni kuwapa habari sahihi na kuwasikiliza. Nimefanya hivyo kwa miaka minne na maswali mengi nimeshayazoea. Lakini mwezi wa pili mwaka wa 2025, binti mmoja wa miaka kumi na tisa aliniuliza swali lililonishinda.

"Dada, unatufundisha kupanga. Kupanga ni kuangalia mbele. Sasa sisi mbele yetu kuko nini? Na wewe mwenyewe umeolewa mwaka wa tatu huu, mbona huna mtoto?"

Wenzake walicheka. Na mimi nikacheka, nikageuza maneno, tukaendelea na somo la siku hiyo. Lakini nilirudi nyumbani na lile swali, nikalala nalo, nikaamka nalo. Makala hii ndiyo jibu langu, limechelewa tu.

Sikusoma chuo. Nina diploma ya sekondari ya mtaala wa Kongo niliyoipata hapa hapa kambini, na vitabu vichache nilivyoazima kwa mwalimu wangu wa zamani. Kwa hiyo sikuanza na maktaba. Nilianza na kitu kilichokuwa karibu: kadi ya zamani ya mgao wa chakula ambayo Mama ameitunza kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na cheti chake cha ubatizo. Imechakaa, lakini majina yetu yanasomeka, na mbele ya kila jina kuna tarehe ya kuzaliwa. Kaka yangu 1993. Mimi Machi 1998. Halafu 2001, 2003, 2004. Halafu kimya cha miaka mingi, mpaka mdogo wetu wa mwisho, 2010, aliyeongezwa kwa wino wa rangi nyingine.

Nilimwuliza Mama: kwa nini mimi na kaka tumepishana miaka mitano? Kwa nini baada yangu ulikaa miaka mitatu, halafu wakaja watatu harakaharaka? Kwa nini baada ya 2004 ukanyamaza?

Mama aliniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini mvua ilinyesha. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole. Ajabu ni kwamba hakuhesabu kwa miaka. Alihesabu kwa serikali.

Kabla ya hapo: wakati wa mpira

Kabla sijasema alichonieleza Mama, nirudi nyuma kidogo, maana jambo hili halikuanza na yeye.

Mwalimu wangu alinipa kitabu cha Adam Hochschild, mwandishi wa Marekani, kuhusu Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kilitoka mwaka 1998, umri wangu. Nilikisoma kwa shida, kamusi mkononi. Leopold aliimiliki Kongo kama shamba lake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908. Watu walilazimishwa kuleta mpira wa porini. Kijiji kikichelewa, askari walikuja, na mara nyingi waliwafunga wanawake kama rehani mpaka waume walete mpira. Mambo hayo yalikuwa makali zaidi upande wa Equateur na sehemu nyingine za magharibi, mbali na kwetu Fizi, lakini nchi ilikuwa hiyo hiyo.

Kuna jambo moja kwenye habari za wakati ule lililonifanya nifunge kitabu kwanza nipumue. Wamisionari walioishi huko waliandika kwamba wanawake wa baadhi ya sehemu walikuwa wanakataa kuzaa. Sababu waliyoitoa ilikuwa rahisi: askari wakija, mwanamke mwenye mimba au mwenye mtoto mgongoni hawezi kukimbia na kujificha vizuri.

Nilisimama hapo kwa sababu maneno ya namna hiyo nilishayasikia nyumbani. Mama husema, "Mutu akikimbia na mimba, anakimbia na muzigo mbili." Yeye hajawahi kusoma kitabu hicho wala kusikia jina la Leopold likitajwa kwa habari za uzazi. Miaka karibu mia moja imepita kati ya wale wanawake na yeye, na hesabu ni ile ile.

Lazima niwe mkweli hapa. Si kila mtoto ambaye hakuzaliwa wakati ule alikataliwa na mama yake. Njaa iliua watu, malale yaliua, na magonjwa ya zinaa yaliyosambaa na misafara ya askari na wapagazi yaliwafanya wengi wawe tasa. Kwa Wamongo wa Equateur, ugumba ulibaki kilio mpaka miaka ya 1950. Mwaka 1919 tume ya Wabelgiji wenyewe ilikadiria kwamba wakazi wa Kongo walikuwa wamepungua karibu nusu. Katika upungufu huo, kifo kilichukua sehemu yake, ugonjwa sehemu yake, na uamuzi wa wanawake sehemu yake. Nataka tu ile sehemu ya mwisho isisahauliwe.

Serikali iliyotaka mikono

Ubelgiji ilipochukua koloni mwaka 1908, iliona shida moja kubwa: kazi zipo, watu hawapo. Kwa mara ya kwanza serikali ikaanza kuhesabu watoto wa Wakongo kama mtu anavyohesabu mifugo yake.

Kodi ya mwaka 1910 ilimtoza zaidi mwanamume mwenye wake wengi, kwa sababu wakubwa waliamini kwamba ndoa za mitala zinapunguza uzazi. Mwanamume mwenye mke mmoja na watoto wanne alisamehewa kodi. Kule Katanga, kampuni ya shaba ya Union Minière ilibadilisha mpango wake mwishoni mwa miaka ya 1920. Badala ya kuchukua vijana wa kiume kwa miezi michache na kuwarudisha wakiwa wamechoka au wagonjwa, ilianza kuwaleta na wake zao, kwa mikataba ya miaka mitatu. Mke alipata mgao wake, mtoto alipata wake. Kulikuwa na hospitali ya kuzalia, kupima watoto uzito na kuwapa uji na maziwa. Kampuni ilitaka mfanyakazi wa kesho azaliwe hapo hapo kambini. Ndiyo, waliziita kambi. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu: mgao kwa vichwa, kliniki ya watoto, kadi ya familia. Tunayajua hayo.

Wazungu walikuwa na neno lingine la kulalamikia: kunyonyesha. Desturi ya sehemu nyingi za Kongo ilikuwa mama anyonyeshe miaka miwili au mitatu bila kulala na mumewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya uzazi wa mpango ya bibi zetu, kabla mtu hajaleta kijiti. Wakubwa wa koloni waliiona kama kikwazo, wakaipiga vita kwa mahubiri na kwa vituo vya maziwa. Halafu mwaka 1933 ikatoka sheria ya kukataza njia za kuzuia mimba na kuzitangaza.

Je, watu walitii? Katika kambi za Katanga watoto waliongezeka kweli kweli. Lakini mimi sidhani ni kwa sababu ya kodi wala mahubiri. Pale mtoto alikuwa anaishi. Kulikuwa na mshahara, daktari, na shule. Mama aliyezaa watano aliweza kutegemea kuwaona wote watano wakikua. Serikali ilifikiri inawashawishi watu kwa zawadi, kumbe watu walikuwa wanaangalia makaburi ya watoto kama yanaongezeka au yanapungua.

Hotuba isiyofika Fizi

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Mobutu alichukua nchi Novemba 1965. Mwaka 1972 alitoa hotuba iliyowashangaza wengi: aliongelea uzazi unaotakiwa, yaani watoto wazaliwe kwa kutakiwa, wasizaliwe kwa bahati tu. Mwaka uliofuata ikaundwa kamati ya taifa ya jambo hilo. Hakusema zaeni wachache, alijua nchi isingekubali. Alisema zaeni mnaowataka. Na huku sheria ya 1933 ya kukataza bado ilikuwa kwenye vitabu! Ilikaa humo mpaka mwaka 2018, Kongo ilipopata sheria mpya ya afya ya umma. Kwa miaka arobaini na zaidi, serikali hiyo hiyo ilisema ndiyo kwa mdomo na hapana kwa karatasi.

Bibi yangu mzaa mama alizaa watoto tisa kule Fizi, na Mama ni wa sita. Hotuba ya Mobutu haikumfikia. Eneo letu lilikuwa limepita kwenye uasi wa Simba mwaka 1964, na baadaye watu wa Laurent Kabila walikaa milimani Hewa Bora kwa miaka mingi. Serikali ya Kinshasa kwetu ilikuwa ni askari tu, hapakuwa na muuguzi wala dawa. Katika wale tisa, wanne walikufa kabla ya kufika miaka mitano. Mama anasema Bibi hakuwa anawaza idadi. Alikuwa anawaza nani atabaki.

Wakati huo huo mjini Kinshasa mambo yalikwenda njia nyingine. Wasichana wengi zaidi walikuwa wamefika sekondari. Halafu uchumi ukaanguka, mishahara ikawa haitoki, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi wakaanza kuwalipa walimu wenyewe. Watafiti waliopita kwenye nyumba za jiji wakati huo walikuta wanawake wanazaa wachache kuliko mama zao, hasa waliosoma. Hakuna aliyewaamuru. Mtoto alikuwa amekuwa ada ya shule ambayo haipo.

Kwa hiyo chini ya rais mmoja, katika nchi moja, mwanamke wa Fizi alizaa wengi kwa sababu serikali haikuwepo, na mwanamke wa Kinshasa alipunguza kwa sababu serikali ilikuwa imeanguka mbele ya macho yake. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia "vita inaongeza watoto" au "vita inapunguza watoto," namwuliza: kwa nani?

Mama anahesabu

Sasa turudi kwenye kadi.

Kaka yangu alizaliwa 1993. Mwaka 1995 Mama alizaa mtoto wa kike. Jina lake halipo kwenye kadi. Oktoba 1996 Uvira ilianguka mikononi mwa waasi wa AFDL, watu wa Fizi na Baraka wakaanza kuvuka ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na mashua. Mama na Baba walivuka usiku. Kambi hii ilikuwa ndiyo inafunguliwa, mwishoni mwa mwaka ule, msitu mtupu na maturubai. Dada yangu alikufa hapa mwezi wa kwanza 1997, kwa kuharisha, kabla hajaandikwa. Ndiyo sababu ya ile nafasi kati yangu na kaka. Haikuwa nafasi.

Halafu Mei 1997 Laurent Kabila akaingia Kinshasa. Mama anasimulia hivi:

"Watu walipiga ngoma hapa kambini. Tulisema vita imeisha, tunarudia kwetu. Nikasema basi, nitazaa mutoto, nitamupelekea mama yangu kule. Njo nikakuzaa weye."

Kwa hiyo mimi ni mtoto wa habari ya redio. Nilizaliwa Machi 1998. Agosti mwaka huo huo vita ya pili ikaanza. Kufunga mwaka, mauaji ya Makobola yakatokea, kule kule njiani kati ya Uvira na Fizi, na watu wapya wakaja kambini na habari zao. Mama aliacha kuzaa. Aliogopa kwamba hata Tanzania tutafukuzwa, na alikuwa tayari na mmoja mgongoni. Hakuwa na sindano wala kidonge. Alininyonyesha miaka miwili na nusu, na Baba akavumilia. Desturi ile ile ambayo Wabelgiji waliipiga vita.

Mwaka 2001 Kabila baba aliuawa, mtoto wake akashika nchi, mazungumzo yakaanza. Lakini si siasa ya Kongo iliyomrudisha Mama kwenye kuzaa wakati huo. "Niliona tunakaa," anasema. Nyumba ya matofali, shamba dogo la mboga, kliniki, kaka shuleni. Tena alikuwa bado anamlilia yule aliyekufa. 2001, 2003, 2004.

Nilisoma kwamba huko Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, watafiti waliona jambo la namna hii. Wanawake waliopoteza mtoto walizaa zaidi baadaye, lakini waliopoteza ndugu zao wa kuzaliwa walizaa wachache. Aliyefiwa na mtoto alitafuta kujaza nafasi. Aliyefiwa na dada au kaka alikosa mikono ya kumsaidia kulea. Nilipomwambia Mama, alikaa kimya, halafu akasema, "Miye nilikuwa na dada mbili hapa kambini. Bila wao, nisingezaa watatu mufululizo." Basi.

Kisha ile kimya ya baada ya 2004. Oktoba 2005 meli za kurudisha watu zikaanza kutoka Kigoma kwenda Baraka. Mwaka 2006 Kongo ikapiga kura. Kila wiki majirani waliaga. Ungefikiri Mama angefurahi kama 1997. Hapana. Tumaini la kwanza lilinizaa mimi, la pili lilimfunga. Alikuwa ameshaona jinsi amani inavyoweza kukaa mwaka mmoja tu. Wakati huo kliniki ilikuwa na sindano ya miezi mitatu, akaenda, akachoma, hakumwambia mtu isipokuwa Baba. Baba akaenda Fizi kuangalia. Alikuta shamba letu lina watu wengine, na usiku bado kuna milio ya risasi. Akarudi. Mama aliendelea na sindano mpaka alipoona wale walioaga kwa nyimbo wanaanza kurudi mmoja mmoja. Ndipo akasema basi, hatuendi. Mdogo wetu akazaliwa 2010.

Nimeandika haya kwa kirefu kwa sababu nimechoka kusikia maneno mawili. La kwanza: wakimbizi wanazaa hovyo. La pili: wanazaa ili waongezewe mgao. Nilimwuliza Mama hilo la pili, akacheka mpaka akakohoa. "Kilo za unga zinalea mutoto? Weye ulikuwa unakula zaidi ya mugao wako." Kadi yake si kadi ya mtu asiyefikiri. Kila tarehe pale, na kila nafasi tupu, ni mtu aliyesikiliza redio, akaangalia njia, akahesabu nguvu za mgongo wake.

Lakini pia sitaki kuwadanganya. Si kila mwanamke aliyepitia vita yetu aliamua. Wengine waliamuliwa na wanaume wenye bunduki. Wengine wanaamuliwa nyumbani na mume au mama mkwe, kila mwaka, bila bunduki. Kwenye kikundi changu wapo mabinti waliozaliwa hivyo na wapo waliozaa hivyo. Nikisema "uamuzi" mbele yao, nachagua maneno yangu vizuri.

Je, nini kinapunguza?

Vipimo vya Kongo vinaonyesha kwamba mwaka 2007, mara baada ya uchaguzi, mwanamke alikuwa anazaa wastani wa watoto 6.3. Uchunguzi wa 2013–14 ulikuta 6.6. Yaani nchi ilipiga kura mara mbili na watoto hawakupungua, walizidi kidogo. Rwanda mwaka 2005 ilikuwa 6.1, karibu sawa na sisi. Miaka mitano tu baadaye, 2010, ilikuwa 4.6.

Watu wengi hapa wakisikia hivyo wanasema Wanyarwanda waliamriwa. Serikali yao ilisukuma sana uzazi wa mpango, hilo ni kweli. Lakini ilisukuma pamoja na bima ya afya ya vijijini, wahudumu wa afya waliofika kila mlima, chanjo, na shule. Watoto wadogo walianza kupona. Mobutu alikuwa na hotuba, hakuwa na muuguzi. Wabelgiji walikuwa na muuguzi, lakini walitaka mikono. Mama mzazi anaangalia zaidi ya hotuba. Anaangalia kama huyu aliye naye ataishi, kama kesho atakuwa hapa hapa, na kama kuna mtu wa kumsaidia. Akipata jibu la ndiyo kwa yote matatu, mara nyingi anapunguza mwenyewe. Akikosa, wengine wanazaa wengi ili abaki hata mmoja, na wengine hawazai kabisa ili waweze kukimbia. Wote wawili wanafanya hesabu moja.

Kadi yangu

Imebaki sehemu ya pili ya swali la yule binti.

Nilifunga ndoa Juni 2022. Mume wangu alikuwa na kesi ya kwenda Marekani pamoja na wazazi wake, na mimi nikaongezwa. Anayeishi hapa anajua kesi ni nini: mahojiano, kungoja, mahojiano tena, vipimo, kungoja. Anajua pia kinachosemwa kwenye kila foleni: usizae katikati ya kesi. Mtoto akizaliwa lazima aongezwe, karatasi zinarudi nyuma, vipimo vya wengine vinaisha muda, na mnaweza kukuta wenzenu wamepanda basi nyinyi mmebaki. Hakuna aliyetukataza. Tulijikataza. Agosti 2022 nikaenda kliniki nikaweka kijiti cha miaka mitatu. Tulisema miaka mitatu itatosha, mtoto atazaliwa kule.

Desemba 2024 tulikuwa tumemaliza vipimo. Mama mkwe alikuwa ameshagawa masufuria.

Tarehe 20 Januari 2025 amri ilisainiwa Washington ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na ikaanza kazi tarehe 27. Siku hiyo hiyo ya tarehe 27, waasi wa M23 walitangaza kwamba wameiteka Goma. Februari wakaingia Bukavu. Njia ya mbele na njia ya nyuma zilifungwa wiki moja. Mume wangu alizima redio, akaenda kukaa nje. Wiki chache baadaye ndipo binti akaniuliza chini ya mwembe: mbele yetu kuko nini?

Sasa nadhani mnaelewa kwa nini nilicheka nikageuza maneno. Mimi ninayefundisha kupanga nilikuwa nimeikabidhi miaka mitatu ya maisha yangu kwa ofisi ambayo sijawahi kuiona, na sikuwa nimemwambia mtu.

Kijiti changu kinaisha mwezi ujao. Nimekigusa chini ya ngozi ya mkono mara nyingi wakati wa kuandika makala hii. Mama hanishauri. Alisema tu kwamba mwaka 2009, alipoacha sindano, hakuwa ameona amani mahali popote. Alikuwa ameacha kuingojea. Mume wangu anataka mtoto na anaogopa, kama mimi. Mgao umepunguzwa, kliniki inafanya kazi kwa watu wachache, na kila mara kuna maneno mapya kuhusu kambi. Dada zangu wawili wako hapa, nyumba ya tatu kutoka yetu. Hilo la dada nimelihesabu.

Tumeamua kwamba nitakitoa na sitaweka kingine. Kesi ikifufuka, mtoto ataongezwa na tutangoja. Isipofufuka, atakuwa na jina kwenye kadi ya hapa. Sisemi kwamba huu ndio uamuzi sahihi kwa kila mtu. Rafiki yangu wa karibu, ambaye kesi yake ilisimama siku ile ile, ameweka kingine cha miaka mitano, na ana sababu zake, nzuri kabisa. Nilimsindikiza.

Alhamisi nitakaa tena chini ya mwembe. Nitamwambia yule binti kwamba swali lake lilikuwa la haki, na kwamba wanawake wa nchi yetu wamekuwa wakiliuliza kabla ya sisi kuzaliwa, chini ya kila aliyetutawala. Nitamwambia nilichoamua na ninachokiogopa. Halafu nitamwuliza yeye amehesabu nini.